Paka Akilala Mchana Tusimwite Mvivu



Katika mikutano ya vikundi vya kujisaidia vya Kibera na Kawangware, neno panya halikosekani. Leo gunia la mahindi la kikundi limetobolewa, kesho vifaranga wameliwa, keshokutwa daftari la michango limetafunwa pembe zote. Mtu akishauri kwamba tufuge paka, mara nyingi anajibiwa hivi: "Paka ni wa bure. Kutwa nzima amelala. Panya wanapita hapo na yeye amejikunja kwa kiti."

Wengine huenda mbele zaidi. Humnyima paka chakula ili njaa imwamshe, au humfukuza, au hununua dawa ya panya barabarani wakidhani wamemaliza habari. Katika ukurasa huu tunataka kueleza vile paka anavyolala, kwa nini analala hivyo, na kwa nini jambo hili linaloonekana dogo linahusu afya ya watoto na mfuko wa kikundi. Tutaona mambo mawili. Kwanza, paka halali kwa uvivu. Pili, mahali anapolala ndipo panapoamua kama atatuletea faida au hasara.

NYUMBA ZETU NA PANYA

Wasomaji walio mashambani wasishangae tukisema kwamba Nairobi nako kuna vijiji. Kibera imegawanyika katika vijiji kama Kianda, Soweto, Gatwekera, Kisumu Ndogo, Makina, Mashimoni, Lindi, Laini Saba na Silanga. Kawangware nayo ina sehemu zake, kwa mfano Gatina, Kabiro na Congo. Familia nyingi zinaishi katika chumba kimoja cha futi kumi kwa kumi hivi, kuta za udongo au mabati, juu mabati. Humo humo ndimo jikoni, ndimo stoo, ndimo mahali pa kulala. Nje ya mlango kuna mtaro, na karibu na mtaro kuna takataka.

Nyumba ya namna hii haimzuii panya. Yule panya mdogo wa nyumbani anapita kwenye tundu la upana wa penseli. Akishaingia anapata unga, omena, mabaki ya ugali na joto la jiko. Hana sababu ya kutoka.

Hasara si chakula peke yake. Mkojo wa panya unaweza kubeba vijidudu vya ugonjwa unaoitwa leptospirosisi. Vijidudu hivyo huingia mwilini kupitia kidonda, macho au mdomo, hasa mtu akikanyaga maji machafu au akinywa maji yaliyochafuliwa. Mwaka 2008 watafiti walinasa panya zaidi ya 200 Kibera na kuwapima. Karibu panya 18 katika kila 100 walikuwa na vijidudu hivyo. Mwaka 2022 ugonjwa huo huo ulizuka mkoa wa Lindi nchini Tanzania (si kijiji chetu cha Lindi hapa Kibera), ukauawa watu watatu kati ya wagonjwa 20 wa kwanza waliotangazwa. Wenzetu wa huko wanauita homa ya Mgunda.

Basi tunapomzungumzia paka hatuzungumzii pambo la nyumba. Tunamzungumzia mfanyakazi, na ni lazima tujue saa zake za kazi.

PAKA HULALA SAA NGAPI?

Paka mzima mwenye afya hulala kati ya saa 12 na 16 kwa siku. Mtoto wa paka na paka mzee huweza kufikisha saa 20. Mtu mzima anahitaji saa saba au nane tu. Kwa hiyo ni kweli, paka hulala karibu mara mbili ya sisi.

Lakini halali kama sisi. Mtu hulala mara moja usiku na kuamka asubuhi. Paka hulala vipande vipande, mara nyingi mchana na mara kadhaa usiku. Analala kidogo, anaamka, anajinyoosha, anajilamba, anazunguka, halafu analala tena.

Saa ambazo yuko macho zaidi ni mbili: jioni jua linapozama na alfajiri kabla jua halijachomoza. Hapa kwetu karibu na ikweta jua huzama na kuchomoza karibu saa zile zile mwaka mzima. Ndiyo maana paka wa Kibera na wa Kawangware ana ratiba inayojulikana. Kuanzia saa kumi na mbili jioni anaanza kuzunguka. Ifikapo saa kumi na saa kumi na moja alfajiri anatembea juu ya mabati na kuwaamsha waliolala.

Na panya je? Panya naye hujificha mchana na kutoka giza likiingia. Mwenye nyumba akirudi saa saba mchana akamkuta paka amelala, panya pia wamelala. Paka anapumzika wakati ule ambao kazi haipo. Askari wa usiku hulala mchana, na hakuna anayemwita mvivu. Mbona paka tumwite?

KWA NINI AMEUMBIKA HIVYO?

Mwaka 2007 wataalamu wa vinasaba walionyesha kwamba paka wa nyumbani wa dunia nzima wametokana na paka-pori wa Mashariki ya Kati. Ndugu za paka-pori huyo wako hata leo katika nyika za Kenya. Wana rangi ya kijivu au ya mchanga na milia hafifu, na mtu akiwaona kwa mbali anaweza kudhani ni paka wa nyumbani aliyepotea.

Paka-pori alianza kukaa karibu na watu walipoanza kulima na kuweka nafaka ghalani. Nafaka ilileta panya, panya wakamleta paka. Hakuna aliyemfunga kamba. Alikuja mwenyewe kwa sababu ya kazi, na akabaki na tabia zake za porini.

Tabia moja ni ile ya kuwinda peke yake. Paka hamfukuzi windo mbali kama mbwa. Huvizia, hutulia kimya, halafu huruka mara moja kwa nguvu zote. Kuruka huko kunatumia nguvu nyingi kwa muda mfupi, na mara nyingi anakosa. Paka anayejitegemea kabisa anahitaji panya wadogo wanane hadi kumi hivi kwa siku ili ashibe. Ili apate hao itabidi ajaribu mara nyingi zaidi ya hizo. Usingizi ndio unaomwekea nguvu akiba. Sisi katika vikundi tunajua maana ya akiba: mtu anaweka kidogo kidogo ili siku ya haja asikose.

Hapa tuseme neno juu ya njaa. Watu wengi wanaamini kwamba paka aliyeshiba hawindi. Si kweli. Paka huwinda hata akiwa ameshiba, kwa sababu hamu ya kuwinda na hamu ya kula ni mambo mawili katika kichwa chake. Mwenye njaa kali hafanyi kazi vizuri nyumbani kwako. Anahama. Analala nyuma ya bucha au karibu na kibanda cha samaki, maana huko ndiko anakopata riziki, na nyumba yako inabaki bila mlinzi.

USINGIZI WA AINA MBILI

Sehemu kubwa ya usingizi wa paka ni kusinzia tu. Hukaa ameinamisha kichwa, au amelala amekunja miguu ya mbele chini ya kifua, huku masikio yakigeuka geuka. Panya akikwaruza ukutani, masikio yanaelekea huko kabla macho hayajafunguka. Akisinzia hivi kwa dakika 15 au 30 anaweza kuruka mara moja.

Usingizi wa pili ni ule mzito. Huja kwa vipindi vifupi vya dakika chache, kisha paka anarudi kusinzia. Katika usingizi huo mwili wote unalegea. Utaona masharubu yakitikisika, makucha yakitoka na kuingia, mkia ukirukaruka, na mara nyingine sauti ndogo inatoka. Watu wengine huogopa wakasema paka ana kifafa au ameingiwa na pepo. La hasha. Anaota.

Jambo hili lilichunguzwa na daktari Mfaransa, Michel Jouvet, katika mji wa Lyon. Mwaka 1959 alieleza kwamba katika kipindi hicho cha usingizi, ubongo wa paka unafanya kazi kana kwamba yuko macho, lakini misuli imelegea kabisa. Baadaye aliona kwamba, ile sehemu ndogo ya shina la ubongo inayolegeza misuli ikiharibiwa, paka huinuka akiwa bado amelala na kufanya kama anayevizia au kupigana na kitu kisichokuwapo. Utafiti huo uliwafundisha madaktari mengi kuhusu usingizi wa binadamu pia.

Kuna ajabu nyingine inayowasumbua watu: paka anayelala huku jicho limefunguka kidogo na ngozi nyeupe imefunika nusu. Hiyo ni kope ya tatu. Paka wote wanayo, na kazi yake ni kulinda jicho. Ikionekana kidogo wakati wa usingizi haina neno. Ikionekana muda wote hata akiwa macho, basi huenda ni mgonjwa.

Funzo kwa wazazi: watoto wafundishwe kutomshika ghafla paka aliye katika usingizi mzito. Akishtuka hupiga kwa makucha kabla hajajua ni nani. Mwiteni kwa sauti kwanza.

ANACHAGUA MAHALI GANI?

Paka hutafuta mambo matatu: joto, usalama na mahali pa kuona.

Joto. Mwili wa paka una joto la nyuzi 38 hadi 39, kupita la mtu. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na nyumba ya mabati hukauka kwa joto mchana na kuwa baridi kali usiku, hasa mwezi wa Julai. Ndiyo sababu paka hulala kando ya jiko, juu ya blanketi, au juu ya mtu. Madereva wa matatu na wa teksi wanajua kwamba paka huingia hata chini ya boneti kufuata joto la injini. Kabla ya kuwasha gari alfajiri, gongeni boneti.

Usalama. Hupenda mahali palipofungwa pande tatu, kama katoni, kapu au chini ya kitanda. Humo hakuna anayeweza kumjia kwa nyuma. Paka mwenye mimba hutafuta mahali pa giza na pakavu, na akiona pamechezewa na watoto huwahamisha wanawe mmoja mmoja kwa mdomo.

Mahali pa kuona. Hupenda juu: juu ya kabati, juu ya gunia, juu ya ukuta. Kutoka huko anaona mlango, watu na panya.

Wahenga walisema, "Paka hakubali kulala chali." Waliyaona mambo vizuri. Tumbo ndilo sehemu laini isiyo na kinga, na mnyama mwenye hofu halionyeshi. Paka anayelala chali katika nyumba yako amekuamini wewe na watu wako. Anayelala amejikunja kama mpira, kichwa ndani, aidha anasikia baridi au hajazoea.

HATARI ZINAZOFUATA MAHALI PA KULALA

Sasa tuje kwenye upande wa pili, kwa maana hatutaki kumsifu paka tu.

(a) Viroboto. Kiroboto jike hukaa juu ya paka na hutaga mayai mengi, hata 40 au 50 kwa siku. Mayai hayo hayashikamani na manyoya. Huanguka pale paka anapolala, na hapo ndipo viroboto wapya huzaliwa. Paka akilala kitandani, kitanda ndicho shamba la viroboto. Akiwa na kitambaa chake, kitambaa hicho kinafuliwa kwa maji moto mara moja kwa wiki na kuanikwa juani. Msimpake paka mafuta ya taa, wala dawa ya kuogeshea ng'ombe, wala dawa ya viroboto ya mbwa. Paka hujilamba mwili mzima, na dawa nyingine zisizomdhuru mbwa humuua paka.

(b) Mapunye. Watoto wa paka hasa huweza kubeba ukungu unaoleta mapunye, wengi wetu tunayaita mashilingi. Mkiona paka ana mabaka yasiyo na manyoya, asilale na watoto mpaka atibiwe.

(c) Kinyesi. Kinyesi cha paka kinaweza kuwa na vijidudu vya toksoplasma, ambavyo ni hatari kwa mama mjamzito, kwa mimba yake, na kwa mtu ambaye kinga ya mwili imepungua. Lakini vijidudu hivyo havina nguvu ya kuambukiza siku hiyo hiyo. Huchukua siku moja hadi tano. Kwa hiyo katoni ya mchanga au majivu ikisafishwa kila siku na uchafu ukatupwa chooni, hatari inapungua sana. Mama mjamzito asifanye kazi hiyo. Afanyiwe na mwingine.

(d) Mtoto mchanga. Ipo imani kwamba paka hunyonya pumzi ya mtoto. Paka hanyonyi pumzi. Anafuata joto, basi. Lakini mtoto wa siku chache hawezi kusukuma kitu kilicho karibu na uso wake. Kwa hiyo paka asilale kabisa mahali anapolala mtoto mchanga.

(e) Jiko. Paka anayelala karibu na jiko linalowaka anaweza kuungua au kuangusha stovu. Tena tukumbushane, jiko la makaa lisiachwe likiwaka ndani usiku mlango umefungwa. Hewa yake yenye sumu haina harufu, na huua watu na paka wao pamoja.

(f) Kichaa cha mbwa. Paka pia anaweza kukipata akiumwa na mbwa mwenye kichaa, na anaweza kumwambukiza mtu. Paka mpole akibadilika ghafla, akawa mkali au akawa halali kabisa, msimguse. Mtu akiumwa au akiparuzwa, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu aende hospitali siku hiyo hiyo bila kungoja dalili. Dalili zikianza, karibu kila mgonjwa hufa. Paka achanjwe akifikisha miezi mitatu, na chanjo irudiwe kama daktari wa mifugo atakavyoelekeza.

DAWA YA PANYA NA PAKA HAVIKAI NYUMBA MOJA

Hili tunaliweka peke yake kwa sababu linaua paka wengi. Dawa nyingi za panya hazimuui panya papo hapo. Huchukua siku tatu hadi saba, huku damu yake ikipoteza nguvu ya kuganda. Katika siku hizo panya anakuwa mzito, anatoka mchana, anatembea kama mlevi. Paka aliyekuwa akisinzia anamwona na kumkamata bila taabu. Sumu inaingia kwa paka.

Baada ya siku chache mwenye nyumba anasema paka "analala sana." Huo si usingizi. Paka mwenye sumu hujificha, ufizi unakuwa mweupe, anapumua kwa shida, pengine damu inatoka puani. Sumu nyingine humfanya atokwe na mate na kutetemeka. Apelekwe kwa daktari wa mifugo mara moja, na pakiti ya dawa ipelekwe pia kama ipo. Msimnyweshe maziwa wala mafuta kwa nguvu.

Kibaya zaidi, dawa zinazouzwa barabarani bila jina wala maelezo haziui paka tu. Kuku hula panya waliokufa, na watoto huokota chochote sakafuni. Paka akifa panya wanaobaki wanazaana tena, na mmebaki bila mlinzi. Kikundi kichague njia moja: ama paka na mitego, ama dawa. Si vyote viwili.

PAKA PEKE YAKE HATOSHI

Tusemezane ukweli. Paka hukamata vizuri panya wadogo na watoto wa panya. Lile panya kubwa la mtaroni ni kali, na paka wengi huliepuka. Katika mji wa New York, Marekani, mtafiti Michael Parsons na wenzake walitoa mwaka 2018 matokeo ya kuangalia paka kwa kamera kwenye jengo moja la takataka lenye panya wengi sana. Katika siku 79, paka waliua panya wakubwa wawili tu. Lakini panya walipowaona paka walijificha zaidi na kupunguza kutembea hadharani.

Maana yake nini kwetu? Paka hafagii mtaro wala hafuniki debe la unga. Kazi yake ni kumtia panya hofu na kulinda chumba alimo. Takataka zikibaki mlangoni, hata paka kumi hawatatosha.

MAMBO AMBAYO KIKUNDI KINAWEZA KUFANYA

1. Mtengenezeeni mahali pa kulala. Katoni, kipande cha gunia na kitambaa cha zamani vinatosha. Iwekwe juu, mbali na kitanda cha watoto na jiko, karibu na pale chakula kinapowekwa. Harufu ya paka ikizoeleka hapo, panya huogopa kupita.

2. Mpeni chakula jioni, ndani ya nyumba, karibu saa kumi na mbili. Akila ndani anazoea kurudi ndani, na anapoanza kazi ya usiku yuko chumbani mwenu. Chakula kiwe na nyama au samaki: vichwa vya omena, matumbo, mabaki ya samaki. Ugali peke yake haumfai paka. Mwili wake unahitaji kitu kinachopatikana katika nyama tu, na akikikosa muda mrefu macho na moyo huharibika. Maji safi yawepo kila siku.

3. Mwacheni alale mchana. Msimwamshe kwa kumpiga eti afanye kazi.

4. Chagueni mtoto wa paka aliyezaliwa na mama anayewinda, na msimtoe kwa mama kabla ya wiki nane. Mama huwaletea wanawe panya na kuwafundisha.

5. Zuieni kuzaana ovyo. Paka hubeba mimba wiki tisa tu na anaweza kuzaa mara mbili au tatu kwa mwaka. Paka wengi wasio na mwenyewe huleta njaa, magonjwa na kelele za usiku. Hapa Nairobi chama cha KSPCA kilichoko Karen na kitivo cha tiba ya mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi, kampasi ya Upper Kabete, ni mahali pa kuuliza habari za upasuaji na chanjo. Walio mashambani waulize ofisi ya mifugo ya kaunti. Kikundi kikipeleka paka kadhaa pamoja, gharama ya usafiri inagawanyika.

6. Ongeeni na majirani. Katika ploti moja paka huwa wa mmoja lakini huwinda kwa wote. Anayeweka sumu chumba cha tatu humuua paka wa chumba cha kwanza. Majirani zetu Waislamu, wakiwemo Wanubi wa Makina ambao wazee wao walikaa Kibera tangu mwanzo wa karne ya ishirini, wanamhesabu paka kuwa mnyama safi anayeweza kukaa nyumbani. Tunaweza kujifunza kwao kumtunza.

7. Funikeni chakula, zibeni matundu kwa vipande vya mabati na saruji, na mpange siku ya kufagia mtaro pamoja.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KIKUNDINI

1. Mwezi uliopita tulipoteza chakula kiasi gani kwa sababu ya panya? Kila mwanachama aandike kwa mwezi mmoja, halafu tujumlishe.

2. Katika ploti yetu kuna paka wangapi, na kila mmoja analala wapi?

3. Nani kati yetu anatumia dawa ya panya, na anaiweka wapi?

4. Watoto wetu wanajua la kufanya wakiparuzwa au wakiumwa?

5. Je, tunaweza kutoa kidogo kutoka mfuko wa kikundi kwa ajili ya chanjo?

Jadilini, kisha mtuandikie mliyoamua na yale yaliyofaulu, ili vikundi vingine vijifunze. Wahenga walituachia neno fupi: paka wa nyumba haingwa. Hafukuzwi, kwa maana ana kazi yake humo. Tukijua saa za kazi hiyo, hatutamsumbua akiwa amelala saa nane mchana juu ya gunia letu la mahindi. Tutaangalia tu kama gunia ni zima.